Namba niliyoitunga

Daftari lenyewe ni la kawaida, jalada gumu, kurasa mia mbili. Limevimba kwa unyevu hata halifungiki tena, na kurasa zake zimejikunja kama bati. Kila kilichomo kimeandikwa kwa penseli. Wino ukirukiwa na maji unatawanyika, na kesho yake hujui uliandika 3 au 8. Penseli, hata daftari likidumbukia mtoni ukalianika, maandishi unayakuta palepale. Hilo nilifundishwa siku ya kwanza, kabla sijashika hata majina ya wenzangu.

Kuna ukurasa mmoja wenye namba iliyopigwa mstari. Chini ya mstari ule bado inasomeka: 6.2. Namba hiyo niliitunga mimi.

Niliingia kwenye kazi hii ya kujitolea kupima maji ya mto kwa mlango wanaoingilia wengi, yaani usafi wa ufukwe. Jumamosi asubuhi, glavu, viroba, wazee kwa vijana, na mwishoni picha ya pamoja huku viroba vimerundikwa nyuma yetu. Nikarudi nyumbani moyo mweupe. Wiki mbili baadaye ikanyesha mvua kubwa, nikapita ufukweni kesho yake, nikakuta kama vile hatukuwahi kukanyaga pale. Chupa, vifuniko, ndala za mguu mmojammoja, mapande ya sponji. Nikamwendea kiongozi wetu, mama mmoja aliyestaafu ualimu wa sayansi, ambaye wote tulimwita Mwalimu. Nikamwambia tunajichosha bure.

"Siku ile tuliokota chupa ngapi?" akaniuliza.

"Nyingi, Mwalimu."

"Nyingi si namba."

Akanisimulia habari ya Texas. Mwaka 1986 wanawake wawili, Linda Maraniss na Kathy O'Hara, waliitisha usafi wa fukwe za jimbo lile la Marekani, wakajitokeza watu 2,800 na kuzoa tani 124 za taka. Tani hizo si ndizo zilizoifanya siku ile ikumbukwe. Kila mtu alipewa kadi, akatakiwa kuandika alichookota, kimoja kimoja. Ndiyo maana leo, shughuli hiyo ikiwa imeenea dunia nzima, watu wanaweza kusema kwa uhakika kwamba vipisi vya sigara viliongoza kwa miaka mingi mfululizo, mpaka ripoti ya 2020 ilipoonyesha vifungashio vya vyakula vimevipiku. Bila kadi, wangebaki na picha za viroba kama sisi.

Basi tukaanza kuhesabu, na kwa kweli ni kazi ya kuchosha kuliko kuokota. Watu kadhaa walituacha mwezi ule ule. Mtu amekuja kufanya jambo jema, halafu unamwambia akae chini atenganishe vifuniko na chupa! Lakini kuhesabu kulitulazimisha kukitazama kila kitu kwa karibu, na tulipokitazama tukaona jambo ambalo macho yetu yalilipita miezi yote ile. Baadhi ya chupa zilikuwa na vile vijidudu vya ganda gumu vinavyojigandisha kwenye matumbo ya mashua na nguzo za gati. Hizo zilikuwa zimeelea baharini muda mrefu, zimetoka mbali, pengine zimetupwa melini. Nyingine zilikuwa safi kwa nje ila ndani zina tope jekundu na vipande vya majani. Bahari haina tope jekundu. Tukatengeneza mafungu mawili. Siku za kiangazi mafungu yalikaribiana. Baada ya mvua, fungu la tope lilikuwa kubwa mara tatu, mara nne.

Hapo ndipo tulipouacha ufukwe na kuanza kuufuata mto.

Wataalamu wa maji wana neno zuri, kidakio: eneo lote la ardhi ambalo tone la mvua likianguka popote ndani yake, litaishia kwenye mto uleule. Ukilielewa neno hilo, ramani ya mtaa inabadilika kichwani mwako. Bomba linalovuja nyuma ya gereji, shamba lililolimwa mpaka ukingoni, shimo la choo lililochimbwa bondeni kwa sababu udongo ni laini, vyote vinakuwa sehemu za ufukwe, ingawa ufukwe wenyewe hauonekani kutoka pale.

Tulichagua vituo vitano, kuanzia karibu na chemchemi mpaka mto unapoingia baharini. Changu kilikuwa cha tatu, chini ya daraja la miguu, mahali ambapo mto unapinda na maji yanapunguza mwendo. Kila Jumanne saa nne asubuhi nilipaswa kuwa pale: kupima joto, kutazama uangavu wa maji, na kupima oksijeni.

Uangavu unapimwa kwa kifaa ambacho hata mtoto anaweza kukitengeneza. Padri mmoja wa Italia, Angelo Secchi, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kutazama nyota, mwaka 1865 alishusha sahani nyeupe kwenye bahari ya Mediterania, akaandika kina ambacho sahani ilipotea machoni. Mpaka leo tunafanya vilevile, isipokuwa mtoni kwenye maji mafupi tunatumia mrija mrefu unaopitisha mwanga, wenye alama chini yake. Unamimina maji mpaka alama isionekane, halafu unasoma urefu.

Oksijeni ndiyo niliyoipenda. Samaki hawapumui ile oksijeni iliyomo ndani ya maji yenyewe kama tulivyosoma shuleni kwamba maji ni hidrojeni na oksijeni. Wanapumua ile iliyoyeyuka, na ni kidogo sana: maji ya nyuzi 25 hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 8.3 hivi kwa lita yakiwa yametulia na hewa, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba kidogo zaidi. Njia tunayotumia aliibuni Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888. Unazamisha chupa, unaijaza ikiwa chini ya maji, unaifunga humohumo bila kiputo hata kimoja. Unatia dawa mbili. Kama oksijeni ipo, ndani ya chupa linazuka wingu la kahawia na kushuka polepole kama mtu aliyekanyaga tope. Kama haipo, wingu linabaki jeupe, na ukiliona jeupe unajua kuna balaa. Unatia asidi, wingu linayeyuka, maji yanakuwa rangi ya asali. Kisha unadondosha dawa ya mwisho, tone baada ya tone, mpaka asali ififie. Unatia wanga, chupa inageuka buluu ya usiku. Unaendelea kudondosha na kuhesabu. Kuna tone moja, moja tu, ambalo likiingia buluu yote inaondoka kana kwamba mtu amezima taa. Kwa kisanduku chetu cha vipimo kila tone lilikuwa miligramu 0.2 kwa lita. Nimefanya hivyo mamia ya mara, na tone lile la mwisho halijanichosha.

Na mawe tuliyageuza pia. Maji ya saa nne asubuhi yanakueleza habari za saa nne asubuhi. Wadudu waliozaliwa chini ya jiwe wanakueleza habari za miezi iliyopita, maana wao hawana pa kwenda. Afrika Kusini kuna mfumo wa alama uitwao miniSASS ambao hata wanafunzi wanautumia. Unagawa viumbe wadogo wa mtoni katika makundi 13 na kila kundi lina alama zake kulingana na linavyostahimili uchafu. Kituo cha kwanza, kwenye maji ya baridi, tulimpata buu mmoja anayejishonea nyumba kwa chembe za mchanga, kila chembe imeunganishwa na mwenzake kwa uzi anaoutoa mdomoni. Nyumba nzima ina urefu wa ukucha. Mwalimu alimweka kwenye kiganja cha kila mmoja wetu. Kwangu, kituo cha tatu, hakuwapo hata mmoja. Kwangu kulikuwa na vijidudu vyembamba vyekundu vinavyojipindapinda kwenye tope, vyekundu kwa sababu vina damu yenye uwezo wa kushika oksijeni hata pale ilipo haba. Viko vingi mahali ambapo wengine wameshindwa.

Sasa ile Jumanne.

Mvua ilianza usiku wa Jumatatu na hadi alfajiri ilikuwa haijakata. Nilisikia inavyopiga bati nikajigeuza upande wa pili. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Jioni nikafungua daftari, nikaona safu ya wiki hiyo iko wazi, na wiki arobaini na kitu zilizotangulia zote zimejazwa, hakuna pengo. Pengo lile liliniudhi. Nikatazama oksijeni ya wiki tatu za nyuma: 6.0, 6.4, 6.2. Nikaandika 6.2. Haikunichukua hata dakika moja, na nililala vizuri tu.

Miezi mitano baadaye samaki walikufa. Watoto ndio waliowaona kwanza, asubuhi na mapema, wamelala ubavu kwenye matete, midomo wazi, mamia. Juu kidogo ya kituo changu kuna kiwanda ambacho bomba lake linaingia mtoni, na hakuna aliyekuwa na shaka mkosaji ni nani. Mwalimu alikusanya daftari za vituo vyote vitano, zaidi ya mwaka mzima wa vipimo, tukaenda watu wanne kwenye ofisi inayohusika na maji. Tulikuwa na kiburi fulani, sitaki kuficha. Nilishawahi kusoma jinsi wavuvi wa mto Hudson kule New York, waliounda umoja wao mwaka 1966, walivyofukua sheria ya 1899 iliyokuwa imesahaulika, sheria iliyokataza kutupa uchafu mtoni na kumpa mtoa taarifa sehemu ya faini. Nikajiona kama mmoja wao.

Bwana aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari langu taratibu, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Akafika kwenye ile Jumanne. Akasimama. Akaenda kabatini, akarudi na rejesta ya kina cha mto, ile inayoandikwa kutokana na ubao wenye vipimo uliochimbiwa karibu na daraja.

"Siku hii," akasema, "maji yalipita juu ya daraja la miguu. Wewe kipimo chako ulikichukua ukiwa umesimama wapi?"

Hakuna aliyejibu. Nilimwona Mwalimu akinigeukia, na nadhani alijua kabla sijafungua mdomo. Bwana yule alilifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akasema asanteni kwa kujitolea. Ningependelea angetupa dirishani.

Nje ya ofisi Mwalimu alikaa kwenye kibaraza. "Penseli unayo?" Nilikuwa nayo. "Piga mstari mmoja. Usifute. Juu yake andika haikupimwa, tarehe ya leo, na jina lako." Mkono wangu ulitetemeka mpaka herufi zikatoka kama za mtoto. Nikamwambia mimi nijitoe tu, kikundi kibaki na watu safi. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali la kijinga. "Jumanne ijayo zamu ni yako. Saa nne."

Kijana wa kituo cha kwanza hakusema nami kwa miezi miwili. Alikuwa na haki. Alikuwa akitembea zaidi ya saa nzima kwenda na saa nzima kurudi kila wiki, na vipimo vyake vyote, vya kweli vyote, vilirudishwa pamoja na changu cha uongo katika mfuko mmoja.

Nimekaa na jambo hili kwa muda, na kinachoniuma zaidi si hata ule uongo wenyewe. Ni kwamba siku ile ndiyo ilikuwa siku muhimu kuliko zote mwaka ule. Mafuriko ndiyo yanayobeba: udongo wa mashamba, vinyesi vya mifugo, mafuta ya barabarani, kila kilichokuwa kimetulia kwenye mitaro. Siku moja ya mafuriko inaweza kushusha baharini mashapo mengi kuliko wiki nyingi za jua, na mashapo hayo yakifika yanatua juu ya matumbawe na majani ya bahari na kuyaziba mwanga. Ningeandika tu "maji yamefurika, hapafikiki", ingekuwa habari. Mimi niliandika kwamba mambo ni shwari.

Aibu ile ilinifanya nianze kuzishuku namba zetu nyingine, hasa ile tuliyokuwa tukiitaja kwa mbwembwe kila tukipata wageni: miche ya mikoko elfu mbili na ushei tuliyoipanda karibu na mlango wa mto. Elfu mbili tuliyoipanda, ndiyo. Iliyo hai je? Hakuna aliyewahi kurudi kuhesabu. Tulikwenda wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yalipokupwa hadi mwisho, tukatembea mstari kwa mstari. Baada ya nusu saa tuliacha kuhesabu iliyokufa tukahesabu iliyo hai, kwa kuwa ilikuwa haraka zaidi. Haikufika hamsini. Mingi ya iliyosimama ilikuwa imefunikwa na vile vijidudu vya ganda, shina jembamba limeelemewa kama punda aliyebebeshwa mawe.

Sababu ni za kusikitisha kwa urahisi wake. Tulipanda aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu kama kijiti, inachipua ikiwa bado mtini, na hata mgeni anaweza kuchomeka mia kwa saa moja huku anapigwa picha. Na tulipanda kwenye tope lililo wazi mbele kabisa, upande wa bahari, kwa sababu hakuna mwenye eneo lile. Huhitaji kumwomba mtu. Lakini kama mikoko haikuwahi kuota pale kwa miaka yote, kuna sababu. Mikoko kwa kawaida haivumilii kufunikwa na maji zaidi ya karibu theluthi moja ya muda, na tope lile lilikuwa chini ya maji muda mwingi wa siku. Tena ukitazama vizuri kulikuwa na majani ya bahari ambayo sisi tuliyakanyaga na kuyatoboa tukienda "kuokoa mazingira". Hatukuwa peke yetu: Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, palipandwa mikoko kwa kasi kubwa na katika maeneo mengi miche ilikufa kwa sababu hizihizi.

Mwanaikolojia Robin Lewis wa Marekani alitumia maisha yake kurudia hoja moja: kabla ya kupanda, uliza kwa nini mikoko haipo hapo sasa. Mara nyingi jibu ni maji. Nyuma ya eneo letu kulikuwa na mashamba ya chumvi yaliyoachwa, tuta la zamani bado limezuia bamvua lisiingie. Mwenye mashamba hayo alipokubali, na kumshawishi kulituchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, tulikata tuta mahali patatu kwa majembe na kuacha maji yaingie na kutoka. Hatukupanda kitu. Msimu uliofuata mbegu za mchu, aina nyingine ya mikoko, zilikuwa zimeletwa na maji zenyewe, zimejipanga kwenye alama ya maji ya juu. Hakuna aliyekuja kupiga picha za watu wasiopanda miti.

Turudi mtoni, maana habari ya samaki haikuisha.

Tulianza upya. Sasa kila kipimo kilihitaji watu wawili na sahihi mbili. Kila chupa ya kumi ilipimwa mara mbili. Dawa zilipimwa kwanza kwa maji ambayo jibu lake tunalijua, ili kuhakikisha hazijaharibika. Na nilipewa kazi ya kuisimamia taratibu hiyo mimi, jambo ambalo wengine walilipinga na Mwalimu hakueleza.

Halafu yeye mwenyewe akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. Watoto waliwaona samaki alfajiri. Sisi tunapima saa nne asubuhi. Kwa nini tunadhani saa nne inajua kilichotokea alfajiri?

Tukakubaliana kukesha. Saa ishirini na nne kwenye kituo changu, kipimo kila baada ya saa mbili. Kiwanda kilikuwa kimefungwa siku ya tatu kwa matengenezo, na wengine walisema tungoje kifunguliwe, vinginevyo tutapima nini? Mwalimu akasema ndiyo maana tupime sasa.

Saa kumi jioni chupa ilitoa 9.4. Tulifurahi, tukadhani mto umepona kwa kuwa kiwanda kimenyamaza. Mwalimu hakufurahi. Maji ya joto lile hayakupaswa kubeba zaidi ya nane hivi. Kilichozidi kilikuwa kinatengenezwa humohumo. Jua likazama. Saa mbili usiku, 7.2. Saa nne, 6.0. Saa sita, 4.8. Tulikuwa tukihesabu matone kwa tochi, mbu wanatufanyia karamu, na kila chupa ilikuwa inafika lile tone la mwisho mapema zaidi kuliko iliyotangulia. Saa nane, 3.8. Saa kumi alfajiri nilihesabu matone kumi na matatu, buluu ikazimika. 2.6. Kwenye matete tulisikia samaki wakidonoa uso wa maji, ile sauti ya midomo inayotafuta hewa. Kisha jua likachomoza, na saa nne asubuhi, saa yetu ya kila wiki, kipimo kilikuwa kimesharudi 6.0, kana kwamba hakuna kilichotokea usiku.

Ni mwani. Ule utando wa kijani unaoteleza juu ya mawe, ambao tulikuwa tukiusukuma kwa mguu ili tupate pa kusimama. Mchana unatengeneza oksijeni mpaka inafurika, usiku unapumua kama sisi sote na kuimaliza; ukifa, vijidudu vinavyouozesha vinamaliza iliyobaki. Unahitaji vitu viwili ili ustawi: jua, na mbolea. Jua ulilipata tulipokata miti ya ukingoni kwenye lile pindo. Mbolea ilitoka kwenye mashamba, kwenye mabanda ya mifugo yaliyo bondeni, na kwenye vyoo. Vyetu. Ndiyo hadithi hiyohiyo, kwa ukubwa wa kutisha, inayofanya Ghuba ya Mexico iwe na eneo la maji yenye oksijeni haba mno kila kiangazi pale mto Mississippi unapomwaga.

Fikiria basi kama ofisi ile ingelipokea daftari langu bila kuuliza. Kiwanda kingebanwa, pengine kwa haki, maana bomba lake nalo lina yake na tunaendelea kulipima. Sisi tungeshangilia ushindi, na samaki wangeendelea kufa alfajiri.

Kupambana na kiwanda, nimegundua, ni rahisi. Wote mko upande mmoja. Jaribu kumwambia jirani yako, mtu mnayesalimiana kila siku, kwamba choo chake kinaua samaki. Tulikosea sana mwanzoni. Tulikwenda na makaratasi na michoro, watu wakatuona tunajidai wataalamu. Mama mmoja aliniuliza mbele ya watu: "Na chako mwanangu, umechimba wapi?" Nilikuwa nimechimba mita ishirini kutoka ukingoni. Kazi ya nyumba kwa nyumba ilianzia kwangu, nikalifukia shimo na kuchimba jingine juu ya mteremko, na ni baada ya watu kuniona nimeshika sululu ndipo baadhi walianza kuuliza maswali. Baadhi. Wengine mpaka leo wakiniona na kisanduku cha chupa wanageukia upande mwingine.

Ukingoni tumeacha ukanda usiolimwa, matete yamerudi, miti tuliyoipanda imefika kifuani na tunaihesabu iliyo hai kila baada ya miezi sita. Yule buu mwenye nyumba ya mchanga hajafika kituo cha tatu. Ameonekana kituo cha pili, mara moja, mmoja.

Siku hizi tunapima alfajiri. Jumanne iliyopita nilikuwa na binti wa kidato cha pili, ni mara yake ya tatu. Ilikuwa zamu ya chupa ya kumi, kwa hiyo tulipima mara mbili, yeye moja, mimi moja. Yangu ilizimika kwenye tone la ishirini: 4.0. Yake ikazimika kwenye la ishirini na mbili: 4.4. Akazitazama chupa zote mbili, maji meupe kabisa, hazina tofauti.

"Tuandike ipi?" akauliza.

Nikampa penseli. Akaandika zote mbili, akatia sahihi, akanisogezea daftari nami nitie yangu.